Mtoto karudi siku ya nne bado anahema: ni usugu, au ni miligramu?

BARUA

Shikamoo dokta,

Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu wilayani Muheza, mwaka wa sita sasa. Siku hizi wateja wananiambia usoni kwamba amoksilini imechoka, na sijui niwajibu nini.

Mwezi uliopita nilimpa mama mmoja amoksilini ya maji kwa ajili ya mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, kilo 11, aliyekuwa anakohoa na kuhema harakaharaka. Nilimwandikia kama tulivyozoea: ile ya 125 mg kwa 5 ml, kijiko kimoja kutwa mara tatu, siku tano. Siku ya nne karudi. Homa imeshuka kidogo, lakini pumzi ni ileile, na jirani kamwambia hiyo ni nimonia sugu, atafute azithromaisini ya siku tatu. Nilikataa, nikamwelekeza kituo cha afya. Alilazwa, akachomwa sindano, sasa ni mzima. Ila mwenye duka ananilaumu kwamba nimefukuza mteja, na mimi mwenyewe najiuliza: kama amoksilini ilishindwa, si kweli kwamba vijidudu vya huku vimeshaizoea?

Halafu kuna watu wazima. Anakuja mwanamume anakohoa, anaomba "rangi mbili sita", yaani kapsuli sita za amoksilini, anaondoka. Mwenye duka anataka tuanze kuweka seftriaksoni kwa sababu wateja wanaamini sindano. Na dada mmoja anayetumia dawa za VVU kasikia septrini haitibu tena nimonia, anauliza aache ile anayomeza kila siku.

Naomba mnieleze kwa undani, siyo "nenda hospitali" tu.

Mtoa dawa, Muheza

JIBU

Marahaba, dada. Kumpeleka yule mtoto kituoni badala ya kumuuzia mama yake chupa nyingine ulifanya sawasawa, na mwenye duka akitaka kubisha abishane na sisi. Kosa liko siku ya kwanza, na linaonekana kwa kalamu na karatasi tu.

Ulimpa 5 ml mara tatu: 125 mg mara tatu, jumla 375 mg kwa siku. Gawanya kwa kilo 11 upate 34 mg kwa kila kilo. Mwongozo wa WHO wa nimonia ya watoto, uliorekebishwa mwaka 2014, unataka angalau 40 mg kwa kila kilo katika kila dozi, mara mbili kwa siku, yaani 80 mg kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wa umri huo hiyo ni 500 mg asubuhi na 500 mg jioni. Alihitaji 1,000 mg kwa siku, akapata 375. Theluthi na ushee. Kabla ya kumshtaki mdudu, hapo pana kesi ya kujibu.

Sasa itazame ile chupa yenyewe. Chupa ya 100 ml ya 125 kwa 5 ina 2,500 mg za dawa. Dozi nzima ya siku tano kwa mtoto huyu ni 5,000 mg, yaani chupa mbili hadi tone la mwisho. Kila dozi ingekuwa 20 ml, vijiko vinne vya chai kwa mkupuo, na mama yeyote angedhani umekosea kuandika. Ndiyo maana dawa ya maji ya 125 haifai kutibu nimonia ya mtoto aliyeshatembea. Ukiwa huna budi kutumia ya maji, tumia ya 250 kwa 5, umpe 10 ml asubuhi na 10 ml jioni. Lakini kilicho bora ni vidonge vya amoksilini vya 250 mg vinavyoyeyuka kwenye maji. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapata kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitatu, viwili na viwili. Wa miaka mitatu hadi kabla ya kutimiza mitano, vitatu na vitatu. Siku tano. Mtoto wako angehitaji vidonge 20, na hesabu ya vidonge 20 mama anaiona kwa macho: vikibaki baada ya siku ya tano, vinne kwa siku havikutolewa.

Dawa ya maji ina njia nyingi za kuharibika ambazo huwezi kuziona ukiwa kaunta. Mama anajaza maji hadi shingoni badala ya kuishia kwenye alama, dawa inakuwa nyepesi. Au anamimina maji yote kwa pamoja, unga unaganda chini, na mtoto anakunywa maji matamu siku mbili za mwanzo kisha unga mzito mwishoni. Gongagonga chupa kwanza unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi karibu nusu, tikisa, halafu ongeza hadi kwenye alama. Ifanye kazi hiyo wewe, pale dukani, mama akiona. Kisha kuna kijiko: cha nyumbani kinaweza kubeba 3 ml au 7 ml, kwa hiyo toa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye mistari. Na kuna kaka yake mtoto, ambaye naye anakohoa na naye ataonjeshwa.

Kidonge cha kuyeyusha kina mambo machache. Vijiko viwili vya maji safi, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa; tumbukiza, zungusha kikombe taratibu hadi kiyeyuke, mpe mtoto anywe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo na umpe hayo pia. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akitapika kila kitu, hilo si suala la kurudia tena, ni dalili ya hatari.

Hapo utauliza: mbona zamani kijiko kimoja mara tatu kilikuwa kinaponya? Wengine walikuwa na kikohozi cha virusi ambacho kingepona kwa maji na uji. Lakini pia mdudu mwenyewe amebadilika, na hapa ndipo swali lako la usugu linapoingia.

Bakteria anayeongoza kwa kusababisha nimonia ni pneumokoki, Streptococcus pneumoniae. Penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwamo, hufanya kazi kwa kunata kwenye protini zinazomjengea mdudu ukuta wake. Zikishanaswa, ukuta haujengwi, mdudu anapasuka. Pneumokoki sugu hatengenezi kimeng'enya cha kuikata dawa kama wafanyavyo bakteria wengine. Yeye amebadilisha umbo la zile protini ili dawa isinate vizuri, na mabadiliko hayo hakuyabuni mwenyewe: anaishi puani na kooni pamoja na binamu zake wasio na madhara, akikutana na DNA iliyomwagika kutoka kwa binamu aliyekufa anaiokota na kuipachika kwenye ya kwake. Pneumokoki wa kwanza wenye tabia hiyo kwa wagonjwa waliripotiwa mwaka 1967 Australia, kisha Papua New Guinea. Mwaka 1977 huko Durban, Afrika Kusini, wakaonekana walioikwepa penisilini pamoja na kloramfenikoli. Kwa hiyo ndiyo, usugu ni wa kweli na ni wa zamani.

Ila angalia neno nililotumia: dawa hainati *vizuri*. Sikusema hainati kabisa. Usugu huu ni wa ngazi, si wa mlango kufungwa. Mdudu aliyekuwa akizuiwa na kiasi kidogo sana cha amoksilini sasa anahitaji kikubwa zaidi, na mapafuni kiasi hicho kinafikika ukiongeza miligramu. Dozi ndogo ya zamani inamgusa tu: inaua wale dhaifu waliomzunguka puani, inamwachia yeye nafasi yao. Dozi ya 80 kwa kilo inamfikia. Ndiyo maana jibu la WHO kwa usugu wa pneumokoki lilikuwa kuipandisha amoksilini na kuiondoa septrini kwenye nafasi ya kwanza, si kukimbilia dawa mpya.

Jambo hilo linaonekana hata kwenye karatasi ya maabara, na linawachanganya matabibu wenyewe. Kwa viwango vya maabara vya Marekani vilivyorekebishwa mwaka 2008, pneumokoki aliyetoka kwenye maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo anaitwa "anatibika" kwa penisilini ya sindano endapo anazuiwa na mikrogramu 0.06 au chini kwa mililita. Akiwa mapafuni, anaitwa "anatibika" hadi mikrogramu 2. Tofauti ni zaidi ya mara 30, kwa mdudu yuleyule, kwa sababu dawa hupenya kwa shida kuingia kwenye ubongo lakini hufika mapafuni kwa urahisi. Na kipimo cha kwanza cha maabara nyingi ni kisahani chenye mikrogramu 1 ya oksasilini kilichowekwa juu ya bakteria waliooteshwa: uwazi unaobaki ukifika milimita 20 au zaidi, penisilini inafanya kazi. Ukipungua hapo, bado hujathibitisha usugu. Umethibitisha tu kwamba inabidi kupima kiasi halisi. Wako wanaoishia kwenye kisahani na kuandika "sugu".

Sasa ile azithromaisini ya jirani. Hii haigusi ukuta. Inaingia ndani ya bakteria na kuziba mahali protini zinapotengenezwa. Njia mojawapo ya pneumokoki kuikwepa ni kubadilisha pale mahali dawa inapokaa, na akishafanya hivyo hata ukizidisha dozi mara kumi haishiki. Huo ndio mlango uliofungwa. Usugu wa amoksilini mara nyingi unauzidi kwa kipimo. Wa azithromaisini wa aina hiyo hauuzidi kwa chochote. Kwa hiyo mtoto aliyeshindwa na dozi ndogo ya amoksilini akipewa azithromaisini anaweza kuwa ametolewa kwenye dawa iliyohitaji kuongezwa tu na kupelekwa kwenye dawa isiyofanya kazi kabisa.

Tena ina tabia nyingine. Amoksilini nusu yake inatoka mwilini kwa saa moja hivi. Azithromaisini nusu yake inachukua takriban siku tatu. Wateja wanaipenda kwa hilo, vidonge vitatu na kazi imekwisha. Lakini maana yake ni kwamba kwa wiki kadhaa baadaye bakteria wa puani wanaogelea kwenye kiasi kidogo kinachoshuka polepole, kisichoua ila kinachochagua nani abaki. Kongwa, mkoani Dodoma, ilipogawiwa vijijini kutibu trakoma, ugonjwa wa macho, watafiti waliwakuta watoto wadogo miezi sita baadaye bado wakibeba pneumokoki sugu kwa azithromaisini zaidi kuliko wenzao wa vijiji visivyogawiwa. Kwa trakoma faida ilikuwapo, macho yaliokolewa. Kwa kikohozi cha kaunta unalipa gharama ileile bila faida. Kuna nimonia inayohitaji dawa ya aina hii, ile ya mycoplasma, bakteria asiye na ukuta kabisa, hivyo amoksilini haina pa kunata. Huwapata zaidi watoto wa shule na vijana. Kuitambua ni kazi ya tabibu.

Ile ya amoksilini pamoja na klavulaneti nayo inauzwa kama "amoksilini yenye nguvu". Klavulaneti inakinga amoksilini isikatwe na kimeng'enya. Pneumokoki hana kimeng'enya hicho. Umemlipisha mteja kwa ngao ya mshale ambao adui huyu harushi, na umemwongezea kuharisha. Inasaidia pale mdudu ni Haemophilus influenzae anayetengeneza kimeng'enya, na ina nafasi yake kwa baadhi ya wagonjwa. Siyo hatua ya pili ya kila kikohozi. Sipro (siprofloksasini) iache kabisa kwa nimonia: ni dhaifu kwa pneumokoki, na dawa za ukoo wake zinaweza kumtuliza kwa muda mwenye kifua kikuu hadi ucheleweshe kipimo chake.

Kuhusu seftriaksoni nitakuwa mkali kidogo. Kuchoma sindano si kazi ya duka la dawa muhimu, hilo mwenye duka analijua. Zaidi ya hapo, WHO tangu mwaka 2017 imezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za matumizi ya kawaida, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksilini iko la kwanza. Seftriaksoni, azithromaisini na sipro ziko la pili, na sababu ya seftriaksoni si pneumokoki tu. Inapopita tumboni inawafagia bakteria wa kawaida na kuwaachia uwanja akina Klebsiella wenye kimeng'enya cha kuikata yenyewe na dawa za ukoo wake. Klebsiella hao ndio wanaosumbua wodi za watoto wachanga na vyumba vya wagonjwa mahututi, na wao ni wagumu hasa. Kuwazidi kwa kuongeza miligramu, kama tulivyofanya kwa pneumokoki, haiwezekani. Sindano iliyochomwa Muheza kwa mafua inaweza kumgharimu mtoto njiti aliyelazwa mjini, ambaye hamtawahi kuonana.

Wa "rangi mbili sita" mfanyie hesabu mbele yake. Kapsuli sita za 250 mg ni 1,500 mg. Kitabu cha antibayotiki cha WHO cha mwaka 2022 kinampa mtu mzima mwenye nimonia isiyo kali gramu 1 kila saa 8 kwa siku tano: gramu 3 kwa siku, gramu 15 kwa jumla, kapsuli 30 za 500 mg. Alichonunua yeye kwa matibabu yote ni nusu ya siku moja. Mwambie hivyo, kwa namba. Watu wengi wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani, na wengine watacheka.

Lakini usimuuzie hizo 30 kwa sababu tu anakohoa. Kikohozi chenye mafua na koo kuwasha, bila homa kali, bila kichomi, bila pumzi kwenda mbio, hakihitaji kapsuli hata moja. Kikizidi wiki mbili, au kikija na jasho la usiku na kukonda, kinahitaji kipimo cha makohozi cha kifua kikuu kabla ya antibayotiki yoyote. Na mtu mzima anayehema mara 30 au zaidi kwa dakika, aliyechanganyikiwa, mwenye presha ambayo namba yake ya juu iko chini ya 90 au namba ya chini ni 60 kushuka, au mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea akiwa na nimonia, aende kituoni leo. Dalili moja tu inatosha. Usisahau kumuuliza kila mmoja kama penisilini iliwahi kumtoa vipele, kumvimbisha midomo au kumbana kifua.

Kuna msemo tulioufundisha vibaya: "maliza dozi". Watu wameuelewa kwamba siku nyingi zaidi ni kinga zaidi, hivyo wengine wanaongeza za kwao hadi siku kumi. Kwa nimonia ya kawaida siku tano za kiasi kamili zinatosha. Siku za ziada hazimuui pneumokoki aliyekwisha kufa. Zinawafundisha waliobaki tumboni na puani. Ukilazimika kuchagua neno moja la kuandika kwa herufi kubwa kwenye bahasha ya dawa, andika kiasi cha kila dozi.

Yule dada wa VVU mwambie asiache septrini, na umwambie taratibu, maana ameshaogopa. Kutibu nimonia ya pneumokoki na kukinga ni kazi mbili. Septrini ya kila siku inamkinga na mambo mengine pia, ikiwamo nimonia ya fangasi inayowapata wenye kinga ndogo, na uamuzi wa kuisimamisha ni wa kliniki yake. Ila akija kwako na homa na kuhema, jua kwamba septrini aliyokuwa anameza haitamtibu, na kwa hali yake hapaswi kuanzia kaunta.

Turudi kwa watoto, maana hapo ndipo utakapookoa wengi. Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto apakatwe, atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua fulana hadi uone kifua na tumbo, shika saa yenye mshale wa sekunde, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne: watoto huhema kwa vipindi, na kosa la pumzi mbili linageuka kosa la nane. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Chini ya miezi miwili mpeleke hata kabla ya kuhesabu. Kisha tazama pale mbavu za chini zinapoishia: mtoto mzima akivuta pumzi kifua na tumbo hupanda pamoja, mgonjwa, tumbo linapanda na sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, kama mtu anayebonyezwa kwa viganja. Ukiona hivyo mwelekeze kituoni, hata kama mtoto anacheka. WHO inaruhusu baadhi ya hao kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, lakini baada ya kupimwa oksijeni na hali ya VVU, na wewe huna hivyo vipimo. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea hashtuki, au anayetoa sauti ya kukwaruza akivuta pumzi ametulia: huyo ni wa pikipiki, si wa miguu. Na kwa kuwa uko Muheza, homa na pumzi za haraka zinaweza pia kuwa malaria, au vyote viwili. Amoksilini haiondoi haja ya kipimo.

Mama asiye na hela ya dozi nzima usimpe nusu. Watoto chini ya miaka mitano wana msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali, mwelekeze huko. Nusu dozi ndiyo iliyokufanya utuandikie barua yako.

Ukimpa dozi sahihi, mpe na siku ya kurudi: siku ya tatu, akiwa na chombo cha dawa mkononi. Hesabu vilivyobaki. Kama vimepungua sawasawa na pumzi bado ziko juu, sababu zinaweza kuwa pumu, virusi, kifua kikuu, punje ya mahindi iliyoingia njia ya hewa, usaha uliojikusanya nje ya pafu, VVU ambayo haijajulikana. Usugu umo kwenye orodha, lakini mimi siuweki juu.

Muulize pia kadi ya kliniki. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pneumokoki mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ililenga aina za pneumokoki zinazowasababishia watoto ugonjwa zaidi, na baadhi ya hizo ndizo zilizokuwa zimebeba usugu mwingi. Ng'ambo ya mpaka wetu huku pwani, Kilifi, Kenya walianza mwaka 2011, na miaka michache baadaye ugonjwa mkali wa damu na ubongo unaotokana na aina zilizomo kwenye chanjo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye chanjo hiyo ilimpita arudi kliniki hata kama wiki ya 14 imeshapita, waangalie anastahili nini.

Jambo la mwisho ni karatasi. Unapomwelekeza mgonjwa kituoni, usimwambie tu kwa mdomo. Andika jina la dawa, nguvu yake, ml au vidonge ngapi kwa kila dozi, mara ngapi kwa siku, tarehe aliyoanza na saa ya dozi ya mwisho. Pumzi ulizohesabu siku ya kwanza na za leo. Dozi moja tu ya antibayotiki inaweza kuzuia pneumokoki asiote tena kwenye damu maabara, na bila karatasi yako watasoma "hakuna kilichoota" na kudhani hakukuwa na bakteria. Na tabibu akiona "125 mg mara tatu, kilo 11", hatahitaji kukisia kama ni usugu.